Kurudisha Hakusubiri

Profesa, kama wenzake walivyombandika jina, ndiye aliyeandika programu ya lifti za jengo lao. Miaka yote alishikilia kidete kwamba programu ikiomba nafasi kwenye kumbukumbu ya kompyuta huenda ikasubiri, ila ikiirudisha haisubiri ng'o. "Anayerudisha kiti apange foleni ya nini?"

Siku moja lifti ilikwama kati ya ghorofa ya tatu na ya nne, mama yake akiwa ndani. Nje ya mlango, kwenye skrini ya kompyuta yake, Profesa aliuona mstari wake mwenyewe wa programu: unarudisha nafasi, umeganda ukisubiri zamu, ndiyo maana breki haijaachiwa. Akabaki kumngoja fundi mwenye ufunguo wa mtambo.

"Mwanangu," mama aliita kupitia mlango, "aliyeitengeneza hii hapatikani?"

"Yupo, mama," alijibu. "Anasubiri."