Asiye na wa Kumlilia

Ilianza Jumanne, saa tisa alasiri, mwaka ule Wadachi walipokuwa wakitafuta wapagazi wa vita. Jumbe alifika nyumbani kwetu, juu kule Nkoaranga, akiwa na wazee wawili. Kijiji kilitakiwa kutoa mtu mmoja wa kubeba mizigo, na zamu ilikuwa ya baba. Wapagazi waliotangulia hatukuwaona tena.

Mimi nilikuwa nikiwagawia mbege, pombe yetu ya ndizi. Nina haya, mbele ya wageni hutazama vidole vyangu vya miguu.

"Huyu akifa wanalia saba," jumbe alisema, akimwonyesha baba. Kisha akamgeukia baba mdogo, ambaye hakuwa na mke wala mtoto. "Huyu je, nani atamlilia?"

"Labda ng'ombe wake," mzee mmoja akadakia. Wakacheka. Baba mdogo naye akacheka, ndivyo alivyokuwa. Baba hakucheka, ila hakusema neno.

"Mimi nitamlilia," nikasema. Sauti ilitoka ndogo.

Jumbe hakukasirika. "Wewe, mwanangu, tumeshakuhesabu kwa baba yako. Hatuwezi kukuhesabu mara mbili."

Jioni ile ile askari wakamchukua baba mdogo.

Mwalimu wetu wa misheni hufundisha kwamba tendo jema ni lile linalowafaa wengi. Nimeigeuza hesabu ya jumbe huku na huku, sioni ilipokosea, na hicho ndicho kinachonichoma. Mimi ni mmoja wa wale saba. Usiku ule nilikula ndizi alizopika mama huku akiimba, na baba ameketi pale pale pake. Lakini mvua zilipokata njia ya shule, aliyenivusha mgongoni ni baba mdogo. Tena wote walipima machozi ya watu wengine. Hakuna aliyemwuliza yeye mwenyewe anaupenda uhai wake kiasi gani.

Asubuhi yake ng'ombe wa baba mdogo alikuwa analia. Kwetu ng'ombe hufungwa ndani ya nyumba, hukatiwa majani, na hakuna aliyemkatia. Nikaenda mgombani, nikarudi na mzigo wa majani kichwani. Baba alikuwa amesimama mlangoni pa mdogo wake na kibuyu cha maziwa mkononi.

"Vizuri umekuja," akasema. "Sasa huyu ni wa kwetu."

Akangoja nimwamkie. Nikampita kimya, nikamwekea ng'ombe majani.