Ndizi za Chini ya Gunia

Everlyne Nakuam alikuwa na kanuni moja jikoni mwake: ndizi nyeusi inaokwa, ndizi inayonuka pombe wanapewa mbuzi. Kanuni hiyo hakuitoa kitabuni. Mama yake alipika pombe ya chang'aa kule Gotu, na Everlyne alikulia ndani ya harufu ile mpaka ikamchosha. Siku alipohamia mtaa wa Bulla Pesa na mwanawe Esekon mgongoni, aliapa kwamba haitavuka kizingiti chake.

Hata hivyo watu walijua alikotoka. Kwa muda mrefu mikate yake ilinunuliwa na Waturkana wenzake na Wameru wachache tu; Waislamu wa mtaa waliihofia pombe. Aliyebadilisha mambo ni Amran, mama yake Liban na mke wa Molu muuza mbuzi, aliyeishi geti la pili. Amran alionja mkate wa ndizi, akamaliza kipande, kisha akawaambia wanawake wenzake waziwazi kwamba mikono ya Mama Esekon ni safi na yeye ndiye shahidi. Neno la Amran lilitosha. Tangu hapo, kila Ramadhani mkate wa futari nyumbani kwake ulitoka kwa Everlyne.

Mkate wenyewe ulistahili sifa. Everlyne alisubiri ndizi zilegee na ganda lishikwe na weusi, akaziponda bila tone la maji, akaoka ndani ya sufuria iliyotandikwa mchanga, makaa chini na makaa juu ya kifuniko. Hata siku ya pili mkate ulikuwa bado laini, wenye unyevu.

Ramadhani iliyopita Amran aliagiza mkate mkubwa kuliko kawaida, kwa kuwa mama mkwe wake, ambaye wote walimwita Akko, yaani bibi, alikuwa amekuja kutoka Biliqo. Everlyne akaenda kwa Kiambi, anayeleta ndizi kutoka Meru.

“Kiambi, hizi umezifunika na nini? Zinatoa jasho.”

“Mama Esekon, jua la hapa linatoa jasho hata kwa mawe. Si wewe hutaka zilizozeeka? Hizi ziko na wajukuu.”

Everlyne alicheka, akabeba gunia bila kuangalia chini. Huo ulikuwa uvivu, na uvivu hauwi mdogo kwa sababu mtu alikuwa anacheka.

Nyumbani, za juu zilikuwa nzuri. Za chini zilikuwa zimepasuka na kutoa povu. Aliitambua harufu kabla hajainama. Za juu peke yake hazikutosha, na Kiambi alikuwa ameshafunga kibanda na kurudi kwao. Everlyne alijiambia kama wanavyojiambia wote wanaojua wanachofanya: moto utaiua pombe. Akaziponda zote pamoja, akazidisha mdalasini. Mtu anayezidisha mdalasini ili kuficha, huyo hawezi kusema hakujua.

Alasiri Amran alikuja kuuchukua.

“Leo umemwaga mdalasini wote? Unanukia mpaka kwa geti.”

“Ni wa mgeni wako, Mama Liban.”

“Akko hana meno. Ukiwa mkavu atanirudisha kwetu.”

“Si mkavu.”

Hilo lilikuwa kweli, na lilikuwa neno lake pekee la kweli siku hiyo.

Hofu ilimwingia akiosha bakuli. Mwiko ulikuwa bado unanuka. Akabandua ukoko uliobaki kwenye sufuria, akautia mdomoni, na chini ya mdalasini akaikuta harufu ya jikoni kwa mama yake. Alimfikiria Akko, aliyeshinda siku nzima bila maji, akiupokea mkate ule kama kitu cha kwanza kinywani. Kisha akawafikiria wanawake wa mtaa na maneno watakayosema: mtoto wa mpika chang'aa ametulisha cha kwao.

Judy, mpangaji wa chumba cha pili, alimwona ameketi sakafuni, akamsikiliza hadi mwisho.

“Nyamaza,” Judy akasema. “Kwani mkate utapulizishwa kifaa cha kupima pombe kama dereva? Hakuna atakayejua.”

“Mimi najua.”

“Basi lala na siri hiyo. Wengine tunalala na mabaya zaidi.”

Everlyne alitoka. Jua lilikuwa limeshuka nyuma ya mabati, na kila hatua ilimwambia arudi. Kwenye geti la Amran alisimama, akashindwa kubisha. Alisikia vikombe vikipangwa, akasikia Akko akicheka. Alitamani mwadhini aadhini mara moja, wale, kitendo kipite, asiwe na la kuchagua. Tamaa hiyo ndiyo iliyomwogopesha zaidi. Akabisha.

“Mama Liban, ule mkate usikatwe.”

“Nimeshakata. Nimeshawapelekea na majirani. Kuna nini?”

Everlyne hakuwa amefikiria majirani. Sahani za futari hutembea kabla ya jua kuzama; alilijua hilo miaka yote. Akaeleza, sauti ikimkauka. Amran alichukua kipande, akakipasua, akakinusa. Kisha akaondoa sahani iliyokuwa mbele ya Akko, akavuta mtandio kichwani.

“Twende pamoja, niwaeleze mimi,” Everlyne akasema.

“Usinifuate. Watasema tumepanga.”

Akabaki getini, akilitazama jua kama mtu anayesubiri hukumu. Sahani zilianza kurudi, Amran akizibeba bila kumtazama. Adhana ilimkuta kwenye mlango wa mwisho, wa Mama Gollo, ambaye kipande kilikuwa tayari mkononi mwake. Kutoka getini Everlyne alisikia alichoambiwa Amran:

“Si ulituambia wewe ndiye shahidi?”

Hakuna aliyeula. Mkate waliula mbuzi wa Molu, kama kanuni ilivyotaka tangu mwanzo.

Amran hakumgombeza hata siku moja. Bado humwitikia salamu, bado humuulizia Esekon, ila mkate haagizi tena. Everlyne bado anaoka, anawauzia wateja wake wa zamani, na sasa humwaga gunia lote mbele ya Kiambi kabla ya kununua.

Lakini aliyelipa zaidi ni yule ambaye hakukosa. Tangu jioni ile, sahani ya Amran ikifika kwa jirani, hufunuliwa na kunuswa kwanza, yeye mwenyewe akiwa amesimama mlangoni.