Mawe ya Redio Kwenye Jamvi la Karafuu

Nimerudi Wawi, rafiki yangu, nikafungua nyumba ya bibi ambayo haijakaliwa na mtu tangu tulipomzika. Nilibonyeza swichi, taa ikawaka pale pale. Harufu ya karafuu ingalimo ndani. Nikakaa chini nikamlilia.

Zamani redio yake ilitumia betri, na sisi tukiziita mawe. Mawe yakichoka, bibi huyaanika juani kwenye jamvi, katikati ya karafuu, yakapata nguvu za siku mbili tatu. Wingu likitanda hunihimiza, "Anua mawe kwanza, mjukuu wangu, karafuu baadaye." Alikuwa na sababu. Baba yangu, mwanawe wa pekee, alipanda meli bandarini Mkoani akaenda kutafuta maisha, na habari zake tulizipata kwenye kipindi cha salamu tu, Ijumaa jioni. Likitajwa jina lake, bibi huitikia, "Waalaykumu salamu, baba," utadhani yupo barazani.

Umeme ulipofika mtaani, jirani yetu, mtu mwema lakini mjuaji kupita kiasi, akaja kumpunguzia bibi adha ya mawe. Aliunga nyaya mbili pale yanapokaa mawe, ncha zake akazichomeka ukutani. "Umeme ni umeme tu, Bi Mkubwa," alisema. Redio ikalia pah, ikatoa moshi. Bibi hakumgombeza, alimmiminia chai na kumkatia mkate wa kumimina.

Kesho yake mwalimu wangu wa skuli alipita akatueleza. Umeme wa betri hwenda upande mmoja tu. Wa ukutani ni mkondo geu, hwenda na kurudi bila kutulia, tena una nguvu nyingi. Redio ile ilihitaji adapta ya kuupunguza na kuunyoosha.

"Kwa hiyo wa betri haugeuki nyuma?" bibi akauliza.

"Haugeuki, Bi."

"Kama mwanangu," akasema, akaenda kugeuza karafuu zake.

Tulipopata redio nyingine, jina la baba halikutajwa tena. Bibi aliamini mpaka anakufa kwamba salamu ya mwisho ilipita wakati redio imeungua. Mimi nami nilipokua nikapanda meli ile ile.

Leo adapta zimejaa madukani mjini Chake. Redio yake ile iliyoungua nimeikuta kabatini, imefungwa kwenye kanga pamoja na mawe yake, yameota kutu. Bibi hayupo nimwoneshe. Ni Ijumaa na jua ni kali, basi mawe nimeyatoa nje uani nikayaanika.