Duka la Mbele ya Nyumba Yangu Halifikiki kwa Miguu

Leo nimepanda bodaboda kwenda duka ninaloliona nikiwa mlangoni kwangu.

Msinicheke. Nisikilizeni kwanza.

Mnalijua lile jengo jipya la maduka, nje kidogo ya mji hapa Masasi? Linatazamana na nyumba yangu. Nikiwa nafua nasoma mabango yao yote!

Sasa mama mkwe kaja kutoka Chilangala, akasema twende akalione. Nikasema twende, si kuvuka lami tu?

Tumevuka, tukakuta mtaro mrefu, hauna hata ubao wa kupitia. Tukauzunguka juani mpaka geti la magari.

Mlinzi akamwamkia mama vizuri kabisa, shikamoo, marahaba. Halafu akatuzuia! Eti njia ya waendao kwa miguu bado haijajengwa, kwa hiyo tuje na chombo.

CHOMBO, jamani.

Nikaita bodaboda, tukapanda mishikaki, wote wawili nyuma ya dereva. Mama mkwe wangu, mtu wa heshima zake, kakaa upande na khanga zake, kavushwa geti, kashushwa hatua chache tu ndani. Nilitamani ardhi inimeze. Nyie mngefanyaje?

Mwenyewe wala hakugomba. Alijifunga khanga vizuri, akamrudia mlinzi.

"Mwanangu, una gari?"

"Sina, mama."

"Pikipiki je?"

"Sina."

"Sasa wewe asubuhi ulipitaje hapa?"

Mlinzi akainamisha kichwa.

"Huwa naruka ukuta, mama. Kule nyuma."