Sekunde Nne za Kaseti ya Mama

Nilisita mlangoni niliposikia mdundo wangu ukitoka saluni. Ilikuwa mchana, kwenye maduka ya Galerie d'Ixelles, huku ughaibuni, nimempelekea mama chakula kazini, na yeye alikuwa ndani anasuka. Wiki ile redio zilikuwa zikiupiga wimbo ule mpaka basi. Mimi, prodyuza wake, badala ya kuvimba kichwa nilikuwa natafuta pa kujificha.

Sababu ni kaseti. Niliiiba kwenye sanduku la mama, lile alilotoka nalo Lubumbashi. Muziki wote ninaoujua ulianzia kwenye kaseti zake: wanawake wanaimba bila chombo, na makofi yao yanachelewa kidogo. Hadi leo ngoma zangu huchelewa vivyo hivyo, na marapa hudhani ni ujanja wangu. Katika kaseti ile mama mwenyewe anaimba, "Lala, mutoto, lala." Mimi nimezaliwa hapa, Kiswahili changu ni cha jikoni. Nikadhani ni wimbo wa kubembeleza. Nikakata sekunde nne, nikaziharakisha, nikatia besi. Nilipotaka kurudia, mashine ikaitafuna kaseti nzima. Nikautupa utepe, nikanyamaza, na tangu hapo kila mama akigusa sanduku lile nilitoka chumbani.

Sasa mama alikuwa amesimama, rasta za kusukia mkononi, mteja kasukwa nusu kichwa.

"Ile wimbo uliitosha wapi?" akauliza; kwake kutosha ni kutoa.

"Mu kaseti yako, maman. Ile ya kulalisha mutoto."

Nilingoja kofi. Kusema kweli, kofi ningelipokea kwa mikono miwili.

"Ya kulalisha? Mais non, papa. Ni ya kilio. Siku ile tulikuwa tunazika grand frère yako," akasema. Papa ndivyo anavyoniita mimi mwanawe.

Nilijua nilikuwa na kaka aliyefariki kabla sijazaliwa, ila nyumbani hatajwi. Nilikuwa nimeutilia msiba wake besi, na mji mzima ulikuwa unaucheza.

"Jina yake inakuja nyuma pale," mama akasema taratibu. "Weye uliikata mbele jina haijafika. Bon, weka yote, nisikie."

Nikamwambia ukweli: kaseti imekufa, zimebaki sekunde nne tu. Alivuta kiti akaketi. Mteja akajifanya anasoma simu yake.

"Maman, uimbe tena," nikamsihi, simu nimeshaitoa. "Nitakamata sauti yako. Jina yake itabakia."

Mama akaifunika simu yangu kwa kiganja chenye mafuta ya nywele.

"Ile hatuiimbake bure," akasema. "Tunaiimbaka tu siku mutoto amekufa. Na mutoto nilibakia naye ni weye tu."