Chumba Kilichopakwa Rangi Mara Tatu

Nyumba ya akina mama tuliyokaa Kitengela ilikuwa na vitanda sita na sheria moja iliyonitisha: ukishapata chumba chako, unampisha mwingine. Nilikuwa nimekimbilia pale kutoka kwa mume aliyenipiga. Baada ya miezi mitano nilikuwa na kazi, na chumba cha mawe karibu na soko. Na bado sikuhama.

Nilikuwa napaka rangi. Nilijifunza kwa video za simu. Mara ya kwanza nikaona michirizi. Mara ya pili, kona ya dirisha haikunyooka. Mara ya tatu niliamua kwamba ile nyeupe ni nyeupe mno.

Jumatatu msimamizi akatuambia kuwa Ijumaa angekuja mama na mtoto mchanga, na kitanda hakuna. Hakunitazama. Wengine wote walinitazama.

"Rangi haijakauka," nikasema.

"Rangi ya mwezi gani?" akauliza Yieyo. Tulimwita hivyo, yaani mama kwa Kimaasai. Alitoka upande wa Kajiado na ulimi wake haukupumzika. "Mtoto, mimi nimejenga nyumba tatu na hii mikono. Kwetu mwanamke ndiye hujenga. Hakuna hata moja niliyongoja iishe. Unawasha moto, unaingia. Mvua ikikuja itakuonyesha penye inavuja, unapanda juu, unapaka mavi ya ng'ombe."

"Na ikivujia kitandani?"

"Si unasukuma kitanda!"

Walicheka hadi uji ukamwagika. Hapo nikakiri mbele yao: sikuogopa michirizi. Niliogopa kufunga mlango nikiwa ndani peke yangu.

Alhamisi wakanihamisha. Godoro lilitangulia kwa bodaboda. Yieyo akaja na jiko, akaliwasha mlangoni, akachemsha chai kabla sijafungua hata mfuko mmoja. Ijumaa kitanda changu cha zamani kikapata mtoto.

Jumamosi mvua ikanyesha. Maji yakateremka pale mabati yanapokutana na ukuta, juu ya rangi zangu zote tatu. Nikampigia Yieyo simu nikilia. Alikuja na ndoo ya mavi ya ng'ombe na majivu, akapanda juu ya kiti changu kipya.

"Yieyo, huu ni ukuta mweupe!"

"Ulikuwa."

Pameshika mpaka leo: kiraka cha kahawia chenye alama za vidole vinne. Nusu mkebe wa rangi uko chini ya kitanda, na sijaugusa. Mlango naufunga mara moja tu, sirudi kuujaribu, kisha naweka chai motoni.