Stika ya Waranti na Buibui la Bi Zena

Mkasa huu ningeuzika kabisa kama ningeweza, lakini mtaa wetu wote wa Mishomoroni unao, na kila anayeusimulia huongeza kipande chake (juzi nimesikia eti nilifukuzwa na polisi, jambo ambalo halikutokea), kwa hiyo afadhali mwusikie kwangu mimi mwenyewe niliyeaibika.

Laptopu yenyewe ni ya gemu. Alininunulia dada yangu Mwanaisha kwa jasho la saluni yake nilipomaliza chuo, ili niombee kazi, na kazi nilikuwa nikiomba kweli, ila siwezi kuwaficha kwamba mpira wa kompyuta nao niliucheza. Baada ya miezi kadhaa kioo kikaanza kutoa mstari wa kijani, mara unakuja mara unapotea, na dada akasema jambo ni jepesi: "Waranti bado ipo, na imeandikwa jina langu. Jumatatu tutaipeleka dukani watubadilishie kioo bure. Wewe usiiguse tu."

Usiiguse. Sasa neno kama hilo ukiniambia mimi, ambaye tangu utotoni nikiambiwa maji ya moto yanaunguza nataka kujua nani kayapima, unakuwa umeniita.

Kwa sababu mimi nilikuwa na shida yangu nyingine. Gemu zilikuwa zikikwama, na nilijua mchawi ni kadi ya grafiki, ile inayochora picha kwenye kioo, ambayo kwenye laptopu yangu ilikuwa dhaifu. Rafiki yangu Kazungu wa Mikindani alikuwa na nyingine yenye nguvu, ameitoa kwenye laptopu iliyokufa. Nikaingia mtandaoni kusoma, na kila mtu, nasema kila mtu, alikuwa akisema kwamba kwenye laptopu kama yangu kadi haitoki, imechomelewa kwenye bodi kiwandani. Nikacheka. Mtu mmoja akikwambia haiwezekani, labda hajui. Watu wote wakikwambia haiwezekani, basi kuna mtu mahali anauza laptopu mpya. Hiyo ndiyo akili niliyotoka nayo chuo kikuu. Kazungu mwenyewe alinionya kwa simu, "Rama, fungua kwanza utazame ndani, usije ukanilaumu mimi."

Kilichobaki ni stika. Pale chini, juu ya skrubu moja, palikuwa na kistika cha rangi ya fedha kilichoandikwa kwa Kiingereza kwamba kikitolewa tu, waranti imekwisha. Hata hicho nilikitilia shaka, lakini si kiasi cha kukichana, kwa kuwa kioo cha dada kilikitegemea. Nikaona video inayoonyesha kwamba ukikipasha moto kwa draya ya nywele kinabanduka kizima, kisha unakirudisha, na nani atajua?

Basi Jumamosi nikaenda saluni. Saluni ya dada ni ya wanawake, mlangoni kuna pazia zito, na mwanamume havuki pazia lile, hata mimi ndugu wa damu nasimama nje naita.

"Dada, nipe draya mara moja!"

"Ya nini, na kichwa umenyoa?" Wateja wakaangua kicheko huko ndani.

"Kuna kitu nakausha."

"Kitu gani?"

Nikajifanya sikusikia. Mkono ukatokeza chini ya pazia na draya, waya ukifuata nyuma, nikaketi barazani pale nje nikaanza kuipuliza laptopu upepo wa moto kama nampangusa mtoto. Na wallahi stika ilitoka nzima, bila mkunjo! Nikaiweka barazani kando yangu, upande wa gundi juu ili isishike vumbi. (Kumbukeni, nilikuwa najiona mwerevu.) Nikafungua skrubu, nikatoa mfuniko.

Ndipo akafika Bi Zena, mke wa ustadhi wa madrasa yetu, mwanamke wa heshima zake na mdomo wake. Nikamwamkia, akaitikia, "Marahaba mwanangu, watengeneza?" Nikasema natengeneza. Akaketi pale barazani kungoja zamu yake, maana ndani palijaa. Sikumtazama tena, maana macho yangu yalikuwa ndani ya laptopu nikiitafuta kadi, na nilipoipata moyo ulinishuka: kijiwe cheusi kimechomelewa kwenye bodi, kimekaa kama jino kwenye ufizi. Watu wote wa mtandaoni walikuwa wakisema kweli.

Dada akapaza sauti toka ndani, "Bi Zena, bado kidogo, nina bi harusi kichwani!"

"Basi nafika dukani narudi," akasema, akainuka akaenda zake.

Nami nikarudisha mfuniko, nikafunga skrubu zote isipokuwa ile moja, nikakaza roho, angalau stika ipo, narudisha kila kitu kama kilivyokuwa. Nikapeleka mkono kando. Baraza tupu. Nikatazama chini, nikajipapasa, nikageuza draya. Kisha nikainua macho barabarani, na pale nyuma ya buibui jeusi la Bi Zena, mahali ambapo kijana mwenye adabu hapatazami, kitu kikawa kinametameta kwa jua.

Niambieni ninyi mngefanya nini. Kumgusa haiwezekani. Kumpigia kelele barabara nzima isikie stika imekaa wapi, haiwezekani zaidi. Nikaamua (huu ndio uamuzi ninaoujutia kuliko yote) kumfuata taratibu kwa nyuma, pengine itadondoka yenyewe niidake. Kwa hiyo picha waliyoiona watu ni hii: mama wa watu anakwenda dukani, nyuma yake kijana ameinama, amekodoa macho pale pale, na mkononi ana bisibisi.

"We kijana!" Wanywaji kahawa wakasimama. "Wamfuatia nini mama wa watu?"

"Ana kitu changu!"

"Kitu chako kipi? Na hiyo bisibisi?"

Bi Zena akageuka. Barabara ikajaa.

"Rama! Una nini, mwanangu?"

"Samahani, Bi Zena. Kuna stika."

"Iko wapi?"

Nikatazama mbingu. Nikatazama duka. "Uliketi," nikasema.

"Niliketi wapi?"

"Juu yake."

Mama mmoja muuza viazi karai akazunguka nyuma yake, akainama, akasoma Kiingereza kile neno baada ya neno kwa sauti ya darasani, kisha akautafsiria umati: "Ati ikitolewa hii, waranti imekwisha!"

Sijapata kusikia kicheko kama kile. Bi Zena mwenyewe akashika ukuta. "Miaka yote hii ustadhi hajanipa waranti, kumbe ziko saluni kwa Mwanaisha zinagawiwa bure!"

Stika nikapewa imejikunja, imejaa nyuzi nyeusi za buibui. Niliporudi, dada alikuwa barazani ameisimamia laptopu na ile skrubu moja mkononi. Hakufoka. Alisema tu, "Rama. Kioo chetu." Afadhali angefoka.

Nikamwambia kuna gundi nzuri, naweza kuirudisha isijulikane.

"Waranti ina jina langu," akanijibu. "Wataka jina langu ndilo liseme uongo?"

Jumatatu tukaenda dukani, foleni ndefu nyuma yetu, na dada akanisukuma mbele: "Sema." Nikasema yote, draya na buibui pia, maana zile nyuzi zilihitaji maelezo. Wa kaunta akauliza buibui la nani, foleni ikacheka, dada hakucheka. Wakaifungua, wakaikagua, wakaenda kushauriana ndani. Nilimwona dada akitembeza midomo, anaomba dua, na sijawahi kujichukia kama dakika zile.

Wa kaunta akarudi. Ndani hakijaharibika kitu, akasema, na mstari wa kioo hauhusiani na kufungua kwangu. Kwa kuwa tumesema wenyewe kabla ya kuulizwa, kioo watabadilisha, na stika mpya wataweka. "Kadi haibadilishwi, sahau. Ila gemu zikikwama waweza kuongeza memori, tunakuwekea hapa hapa na waranti inabaki. Ungeuliza tu."

Ungeuliza tu! Mimi, ninayehoji kila kitu, nilikuwa nimehoji stika, mtandao na kiwanda, na swali lenyewe sikumwuliza aliyekuwa na jibu. Tulipotoka nje dada ndipo akaanza kucheka, akacheka mpaka akalazimika kuketi, nami nikaketi kando yake, mzigo umenitoka kifuani.

Kuhoji sitaacha, msijidanganye. Lakini nimeapa: kitu chenye jina la mtu mwingine sitakifungua tena kabla sijamwuliza mwenye jina, hata kama nina hakika. Hasa nikiwa na hakika.